Kidole cha Mkalimani

Nimewashonea suti karibu mawaziri wote wa nchi hii, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kupimwa. Mimi ni fundi nguo wa kile kipindi cha vikaragosi kinachoonyeshwa Jumapili baada ya taarifa ya habari, kile ambacho wakubwa husema hawakitazami, kisha Jumatatu unawasikia wakikijibu. Vikaragosi vyetu ni vichwa vikubwa vya sponji, mabega, na mikono. Miguu hawana, kwa sababu kamera haifiki chini ya meza. Ndiyo maana sijawahi kushona suruali ya kiongozi yeyote, na nikiwaona magazetini wamesimama wima huwa nashangaa kidogo kwamba wanazo.

Mume wangu naye yuko hapo hapo. Kazini wanamwita Mkono, na jina limemkaa, maana kazi yake ni kulala chini ya meza, mkono wa kulia kichwani mwa kikaragosi, wa kushoto ndani ya glavu inayogeuka kuwa mkono wa mheshimiwa. Maneno si yake. Maneno husemwa na jamaa mmoja mnene tunayemwita Sauti, anayekaa kwenye kiti kizuri pembeni na chupa yake ya maji. Mume wangu anatoka na mgongo unaomuuma, Sauti ndiye anayesalimiwa barabarani. Mimi hilo huwa linanikera kuliko linavyomkera yeye.

Sasa, pale kwetu kuna utaratibu mmoja. Kikaragosi kipya hakipelekwi mbele ya kamera mpaka kilelewe. Kulea maana yake Mkono anajifungia nacho mbele ya kioo kikubwa, mkono ndani, haongei na mtu, mpaka kipate tabia yake. Spika wa zamani alilelewa kwa muda wa kunywa chai, kwa sababu mwenyewe alikuwa na kikohozi cha kujikweza na hakuhitaji zaidi. Lakini Waziri mmoja alitutoa jasho. Tulitazama hotuba zake mpaka macho yakauma. Mtu anasimama kama nguzo ya umeme, anasoma karatasi, anaikunja, anaondoka. Kumfanyia mzaha mtu asiye na chochote ni kazi ngumu, hakuna pa kumshikia.

Siku zikapita, mlango umefungwa, mtayarishaji wetu anapita nje akitafuna kucha. Kisha alasiri moja Mkono akafungua mlango, shati limelowa, akatuita wote. Mimi nikajifanya mwandishi wa habari, nikamuuliza kikaragosi fedha za barabara zimeenda wapi. Waziri wa sponji akafumba macho. Akapandisha mkono taratibu, akapangusa nyusi zake kwa mgongo wa kidole gumba, kutoka katikati kwenda pembeni, kama anayetafuta jambo lililojificha hapo. Halafu akainua kidole kimoja, dunia nzima imsubiri. Ndipo akafumbua mdomo, na Sauti akamwekea uongo mkubwa kama nyumba.

Fundi wa taa alicheka mpaka akakaa chini. Mtayarishaji akauliza ameitoa wapi, na mume wangu akasema imekuja yenyewe. Hakuwa anadanganya.

Ikatia fora. Haikupita muda, watoto wakiulizwa nani kavunja glasi wanapangusa nyusi kwanza. Muuza duka wetu ukimwomba apunguze bei anafumba macho na kuinua kidole. Nilimwona hata mchezaji wa mpira akiifanya mbele ya mwamuzi baada ya kumkata mtu ngwala. Sisi pale kazini tulivimba vichwa. Tulisema, leo tumempata.

Kumbe tulikuwa tumempa. Siku moja Waziri mwenyewe, yule wa nyama na damu, aliulizwa na waandishi kwa nini hospitali hazina dawa. Akatulia. Akafumba macho, akapangusa nyusi, akainua kidole. Waandishi wakaangua kicheko, naye akatabasamu, na swali la dawa likapotelea humo humo. Tangu siku hiyo hakuiacha. Mikutanoni watu walimsubiri aifanye, na akiifanya uwanja unalipuka. Wale waliokuwa hawataki hata kusikia jina lake wakaanza kusema angalau huyu anajua kutaniwa, angalau ana utu. Nguzo ya umeme imepata utu, na utu wenyewe umetoka kwetu.

Nyumbani tunaishi na baba mkwe, tangu mama mkwe alipofariki. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkalimani wa mahakama. Alisimama kati ya hakimu na mshtakiwa wasioelewana lugha, na kila alichosema mmoja kilipita kinywani mwake kabla hakijamfikia mwingine. Aliwahi kuniambia kwamba neno moja likiteleza, mtu analala ndani. Kwa hiyo si mtu wa kujibu haraka. Umwulize jambo lolote, hata kama ni jirani gani kapita kumsalimia, atakwenda kwanza ndani ya kichwa chake, atahakikisha, ndipo arudi na jibu. Nilipoolewa nilidhani ananidharau. Baadaye nilielewa kwamba ni heshima. Nikawa nimemzoea kiasi kwamba sikumtazama tena anapofanya hivyo, nasubiri jibu tu huku nikiendelea na yangu.

Alikuwa mpenzi mkubwa wa kipindi chetu, akicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Lakini baada ya yule Waziri kuingia, tukaona kila akitokea kwenye skrini, mzee anainuka. Mara anakwenda kunywa maji, mara anaangalia kama geti limefungwa. Tukadhani siasa zimemchosha, na nani hazijamchosha.

Kisha ukaja mkutano wa mtaa. Jirani yetu wa kona alitaka kujenga ukuta kuziba kijia kinachopita pembeni mwa kiwanja chake, kijia ambacho mjane wa seremala hukitumia kufika barabarani. Alidai hakuna aliyewahi kukubaliana naye wala na marehemu baba yake kuhusu njia. Wazee wawili waliokubaliana, baba yake na seremala, walikuwa wameshazikwa. Aliyekuwepo siku hiyo na bado yu hai ni baba mkwe peke yake. Mjane alikuja nyumbani kumwomba aseme alichokisikia, naye akakubali. Mimi mwenyewe nilimpigia pasi koti lake la mahakamani.

Tulikaa kwenye darasa la shule, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti wa mtaa akamgeukia kwa adabu kabisa na kumwuliza: "Mzee wetu, wewe siku ile ulisikia nini?"

Baba mkwe akasimama. Akafumba macho. Mkono ukapanda taratibu, mgongo wa kidole gumba ukapita juu ya nyusi, kutoka katikati kwenda pembeni. Halafu akainua kidole.

Nilikuwa nimeiona mara nyingi tangu niolewe, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaiona. Darasa zima likaangua kicheko. Kijana mmoja nyuma akasema, "Karibu, Mheshimiwa." Hata mjane, aliyekuwa na njia yake mkononi mwa mzee huyu, alijiziba mdomo kwa mtandio na mabega yake yakacheza.

Mzee alifumbua macho akatazama huku na huku, akitafuta kinachochekesha. Nilimwona alipokipata. Uso ukamsawijika. Akasema alichokisikia, harakaharaka, kwa maneno machache, akakaa. Alisema kweli yote, lakini watu walikuwa bado wanafuta machozi, na yule jirani akasimama kusema kwamba mzee wetu siku hizi anasomea kwa wakubwa. Wakacheka tena. Mwenyekiti akasema ushahidi hautoshi. Ukuta ukajengwa, na mjane sasa anazunguka kule jalalani, ndoo kichwani.

Mume wangu hakuwepo mkutanoni, walikuwa wanarekodi. Kesho yake nilifika kazini roho juu. Nilimkuta mbele ya kioo na Waziri mkononi, nikamwambia afanye ile ya nyusi. Akaifanya, vizuri kama kawaida yake.

"Sasa mvue," nikamwambia. "Ifanye wewe."

Akacheka kidogo, akautoa mkono, akasimama mbele ya kioo na uso wake mwenyewe. Akafumba macho. Akapangusa nyusi. Alipofumbua, kidole kikiwa juu, alikutana na baba yake kwenye kioo. Alibaki hivyo hivyo, kidole hewani.

"Baba," akasema.

Nilimpa vidonge vyake. Nilimweleza mkutano wote, kicheko, mjane, ukuta. Nilimwambia mzee alikuwa anatafuta ukweli mahali pale juu ya jicho, na kwamba yeye na wenzake wamemfanya aonekane anatafuta uongo. Alisema hakujua, na namwamini. Alitafuta kwa siku nyingi mtu anayefikiri kabla ya kusema, na mkono wake ulimjua mmoja tu, ukaenda kumchukua bila kumwomba ruhusa mtu yeyote. Naelewa. Lakini kuelewa hakukunipunguzia hasira, na sikujisumbua kuificha.

Alikwenda kwa mtayarishaji akamwambia ile haifanyi tena. Mtayarishaji alibadilika rangi, akataja watazamaji, akataja wadhamini, mwisho akanyoosha mikono na kusema mkono ni wako bwana. Kwa hilo nampa haki yake.

Jioni ile mume wangu alivuta kigoda akakaa miguuni pa baba yake na kumwambia kila kitu. Mzee alimsikiliza akiwa amekalia viganja vyake, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu. Nikagundua kwamba tangu mkutano ule mikono yake ilikuwa haionekani, kama si mfukoni basi chini ya mapaja.

"Niliijua siku ya kwanza," akasema. "Nilifurahi. Nilisema, kumbe kijana alikuwa ananitazama."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Akasema ameshaiondoa, Jumapili hii Waziri hataifanya.

"Irudishe," mzee akasema.

Tulidhani hatukumsikia vizuri. Akaeleza polepole, macho yakiwa wazi, na ilionekana inamgharimu kuyaacha wazi. "Nyinyi mkiifanya, watu wanakumbuka kwamba huyu bwana anadanganya. Mkiacha, atabaki nayo yeye peke yake. Mwaka ujao watasema ndiye mtu anayefikiri kabla ya kusema. Usimwachie."

"Na wewe, Baba?"

"Mimi nimestaafu."

Mume wangu aliirudisha. Wanaendelea kuifanya, na kwa kweli wanaifanya vikali zaidi kuliko mwanzo, kiasi kwamba Waziri ameanza kuipunguza mikutanoni. Pale kazini wanasema tumeshinda. Pengine ni kweli. Mimi nimejaribu kufurahi nikashindwa.

Mzee amerudi kukaa nasi kutazama kipindi. Hainuki tena Waziri akitokea. Wageni wakija anawajibu vizuri, bila kuchelewa, na wanasema amechangamka. Shemeji yangu alipotutembelea alinivuta pembeni akanishukuru kwa kumtunza baba yao, eti anaonekana kijana. Mjane alipita kuomba radhi kwa kile kicheko, na mzee alimwambia hapo hapo kwamba hakuna neno, wala asijali.

Jumapili iliyopita mume wangu alikuwa kazini, tuko wawili tu sebuleni. Kipindi kilikuwa kimekwisha. Nikakusanya vikombe, na kwa kuwa jambo lilikuwa linanikaa rohoni, nikamwuliza.

"Baba, mwanao umemsamehe?"

"Ndiyo," akasema.

Papo hapo. Sikuwa hata nimemaliza kuinua kikombe. Miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kunipa jibu ambalo hakulitafuta kwanza, na sasa nilikuwa nimepewa moja lililokuwa tayari mdomoni, kama majibu wanayopewa watu wote. Sikujua kama ni kweli au si kweli. Nilimtazama usoni, na nikaona kwamba yeye pia hajui.

Nikapeleka vikombe jikoni, nikafungulia maji ili asinisikie, nikalia.