Ua Alioujua kwa Masikio

Mjini Arequipa hakuna aliyeujua ua wa ndani wa monasteri ya Mama wa Upweke kama Ubaldina Quiroz, naye hakuwahi kuukanyaga hata siku moja. Aliujua kwa masikio. Dada yake Nicanora aliingia humo akiwa msichana, mlango ukafungwa, na tangu hapo Ubaldina hakuuona tena uso wake. Walizungumza kupitia pipa la mbao lililojengewa ukutani, lile linalozunguka: unaweka mayai huku, unalisukuma, linarudi na biskuti, na aliye upande wa pili humwoni. Sheria ni msumeno. Hata mama yao alipofariki, kila mmoja alilia upande wake wa ukuta.

Basi Nicanora akawa anamsimulia.

"Jua limemfikia puma wetu," alikuwa akisema, na Ubaldina, kikapu mapajani, akamwona akilini. Wahispania walikuwa wamewaagiza mafundi wenyeji wachonge simba juu ya tao. Mafundi simba hawamjui, sura wala mkia, wakachonga puma wa milima yao kwenye lile jiwe jeupe, wakamtia na tabasamu. Ubaldina aliziona pia nguzo nene zilizojengwa kwa hofu ya tetemeko, mapapai na zabibu za mawe, kuta za buluu, ghorofa ya juu yenye picha za malaika, na katikati mchungwa ukimwaga maua yake kisimani. Mara nyingine akishona nyumbani alipotelea humo, akazunguka chini ya matao weee, akirudi chai imepoa.

Kisha ardhi ikatikisika, ukuta wa mashariki ukapata ufa. Askofu akaamuru mlango ufunguliwe ili mafundi waingie, na jamaa wanaotaka kuwachukua masista wazee wawachukue. Ubaldina alikuwa mjane, nyumba nzima inamwangalia yeye tu. Alitandika kitanda cha pili, akapika pilipili za kujazwa nyama alizozipenda Nicanora utotoni. Alitaka jambo moja: dada yake alale chini ya paa moja naye kabla mmoja wao hajafa.

Akaingia, akasimama kama aliyemwagiwa maji.

Ghorofa ya juu haikuwepo. Ilikuwa imeanguka zamani, na kilichobaki kilishikiliwa na magogo. Buluu ilikuwa imebabuka. Palipotundikwa malaika pamebaki alama za mraba ukutani. Katikati ya ua kulikuwa na kisiki. Puma peke yake ndiye aliyekuwepo, akitabasamu.

"Mwongo!" Ubaldina alisema kwa sauti.

"Nani mwongo? Naona theluji ya mlima Misti imekupanda kichwani, una hasira asubuhi yote hii."

Kikongwe kidogo kilikuwa kinakuja upesi chini ya matao, bila fimbo. Kikakwepa gogo, kikakata kona, kikapapasa msingi wa nguzo kwa ncha ya kiatu, kikasimama mbele yake. Macho yalikuwa meupe kabisa.

"Dada," Ubaldina akasema, na hasira ikamwishia mdomoni. "Tangu lini?"

"Siku ghorofa ilipoanguka. Chokaa iliniingia yote machoni."

"Na ukanyamaza!"

"Ungelala wewe? Nilikusimulia nilichokuwa nakiona, mdogo wangu. Ndicho cha mwisho nilichokiona, na hakijawahi kuniondoka."

"Na mchungwa?"

"Shsh!" Nicanora akamvuta sikio, kama zamani. "Masista wananunua machungwa sokoni, wananiletea kwenye sahani, eti ya mti wetu. Ndege hawatui tena pale. Mimi kipofu, si kiziwi. Waache wafurahi, maskini."

Ubaldina akacheka huku machozi yanamtoka. Vidole vya dada yake vikapita usoni pake polepole, vikasita kwenye mikunjo.

"Umezeeka, we mtoto."

"Twende nyumbani. Nimekutandikia kitanda. Pilipili ziko jikoni, bado za moto."

Nicanora alinyanyua uso, akasikiliza mafundi wakikoroga chokaa.

"Nikija kwako, Uba, nitakuwa kipofu."

"Kwani sasa wewe ni nani?"

"Hapa? Hapa sijawahi kuwa kipofu hata siku moja."

Akageuka, akaenda zake chini ya matao, na hakugusa hata nguzo moja.

Ubaldina alitoka nje amenuna, kitanda cha bure kikimkaa rohoni. Alimchukia puma, akamchukia askofu, akazichukia na pilipili. Alikaa kwenye benchi lake la siku zote, mbele ya pipa. Mlango mkubwa ulikuwa wazi kando yake, mafundi wakipita na ndoo. Alikaa kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akagonga pipa, akatoa salamu ya masista.

"Salamu Maria uliye safi."

Nyayo zikaja.

"Mkingiwa dhambi ya asili," sauti ikaitikia, halafu ikabadilika. "Wewe mjinga, mlango si uko wazi? Pipa la nini?"

"Najua uko wazi," Ubaldina akasema, akiegemeza paji la uso kwenye mbao. "Nimezoea kukuona hapa. Haya, niambie, jua limefika wapi?"

Upande wa pili mtu akapenga kamasi.

"Kaa vizuri," Nicanora akasema. "Linapanda ghorofani, kwa malaika."