Kura ya Kukaa

"Usingizi? Huo ni ugonjwa wa watu wa Bujumbura," alisema Swedi, miguu ameinyoosha mbele ya kibanda cha chai cha Salima, pale Rumonge, jirani na wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani. "Mimi hata nikifumba macho, iko nafikiri."

Yeye na wenzake walikuwa wanapanga mataruma kwenye reli inayojengwa huko bara, mbali na ziwa. Kila mwezi basi la kampuni liliwaleta nyumbani kwa wiki moja. Asubuhi hiyo walikuwa wameshuka na neno la kampuni: wakiiacha hiyo konje, yaani hiyo wiki ya mapumziko, watapewa primu nono, malipo juu ya mshahara. Ila jibu liwe moja kwa kikosi kizima, maana basi haliwashwi kwa ajili ya nusu ya watu.

Swedi alitaka primu. Alishaitangazia Rumonge nzima, mpaka Minago, kwamba ananunua pikipiki nyekundu. Kofia ya kuendeshea alikuwa nayo tayari. Aliivaa sokoni, kwa miguu.

Meshaki, anayebeba naye taruma ncha ya pili, alitaka konje. "Juzi nilisinzia na taruma mkononi, sha. Mguu wangu umepona kwa neema tu. Hiyo primu nitaivalia kiatu kipi?"

"Muzee wa miaka thelathini! Wewe lala, sisi tupande pikipiki."

Kapita Lameki, msimamizi wao, akasimama kueleza. Lameki alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania na hawezi kuomba chumvi bila utangulizi. Alianza na sala. Upepo wa ziwa ukavuma, mihogo ikatulia tumboni, na Swedi akaegemeza shavu kwenye msuko wa kitunga cha Salima, ili asikie vizuri.

"Anayetaka primu asimame! Anayetaka konje akae!"

Kelele za furaha za kina Meshaki ndizo zilizomshtua Swedi.

"Waliosimama sita, waliokaa saba," Lameki alisema, simu mkononi. Kisha akamtazama. "Swedi, wa saba ni wewe. Ulikaa, au ulilala? Kama ulilala sema, tuhesabu upya kabla sijapiga."

Swedi akaitazama kofia yake magotini. Neno moja tu, na pikipiki hiyoo. Lakini neno lenyewe ndilo hilo: nililala.

"Nilale mimi? Mchana? Nilikaa kwa makusudi. Nilimuonea huruma Meshaki."

Wakampigia makofi. Meshaki akamshika mkono kwa mikono miwili: "Murakoze, ndugu yangu." Lameki akapiga simu, akasikiliza, akaikata. Konje inabaki.

Salima akaja kukusanya vikombe.

"Shemeji Swedi, huruma yako inakoroma! Hiki kikombe nilikitoa mkononi mwako chai isimwagike. Na kitunga changu unirudishie."

"Kitunga gani? Si hicho hapo chini?"

"Hicho kingine. Ulichokibeba shavuni, na msuko wake wote."