Kipande Kisicho na Kabichi

Mama Pacha aligeuza jani la kabichi, akaliona limetobolewa kama chekeche. Upande wa chini viwavi wadogo wa kijani walikuwa wanakula kwa utulivu, kila mmoja na tundu lake. Pale walipokuwa hawajamaliza wameacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Alimgusa mmoja kwa ukucha. Kiwavi akajinyonganyonga kinyumenyume, akajitupa, akabaki ananing'inia kwa uzi wake hewani, mzima wa afya.

Na jana tu alikuwa amepuliza dawa. Mikanda ya bomba ilikuwa imemchubua mabega, na harufu ya dawa haikutoka mikononi hata baada ya kuisugua kwa majivu. Usiku alikuwa amekula kwa kijiko, tena bila hamu.

"Wifi, wako wamekufa?" dada wa marehemu mumewe aliuliza kutoka kipande cha jirani.

"Wamenawiri."

"Wangu wameniamkia shikamoo. Nikapuliza tena, wakaniomba chumvi."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, wakainama tena.

Shamba lote lilikuwa la mtu mmoja ambaye hawakuwahi kumwona. Waliyemwona ni msimamizi, waliyempa jina la Kofia kwa sababu hakuivua hata msibani. Mwenye shamba alikodisha vipande. Lori lake ndilo lililobeba kabichi, na duka lake pale getini ndilo lililouza dawa. Sharti lilikuwa moja: kipande kiwe na kabichi wakati wote. Zikikatwa za zamani, miche mipya ipandwe pale pale kati ya vishina, hata havijakauka, ili lori lisikose mzigo. Kipande kisicho na kabichi hakipewi maji, na kabla udongo haujapasuka kimeshapewa mtu mwingine.

Mchana huo alikuja bwana shamba wa serikali, kijana mpole mwenye matope mpaka magotini. Watu walikusanyika kwenye banda la mizani. Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na nondo wa kijivu, mdogo kuliko punje ya mchele, ana alama nyeupe mgongoni zilizopangana kama vito.

"Huyu ndiye mama yao," alisema. "Dawa yenu ameizoea. Mkizidisha mnaua nyigu wadogo wanaowamaliza hao viwavi, yeye mnamwacha. Halafu mnampikia mwaka mzima, hapumziki hata siku moja. Ng'oeni kabichi zote, na vishina, na haradali inayojiotea mferejini. Kesho asubuhi, wote kwa pamoja. Fukieni chini. Pandeni maharage msimu mmoja, afe njaa. Mkirudi kwenye kabichi mtabadilisha dawa kwa zamu, na hamtapuliza kabla ya kukagua majani. Tumekubaliana?"

Watu wakapiga makofi. Kofia alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mama Pacha hakuwa mzoefu wa mikutano. Aliyekuwa akihudhuria ni mumewe. Hakujua kwamba watu wa shamba lile humpigia makofi kila mgeni, awe mchanja mbwa au muuza masufuria, ili amalize mapema waende zao. Yeye aliyasikia makofi akajua watu wameahidi.

Kesho yake alianza kabla umande haujakauka. Aling'oa, akachimba, akafukia. Alipoona wengine wanachelewa, alijiambia wanakunywa chai. Wifi yake alikuwa amepeleka mtoto kliniki. Aliporudi jua limepanda, aliangusha mkoba.

"Umefanya nini, wifi yangu?"

"Si tumekubaliana jana?"

"Nani alikubali? Ah! Tulikuwa tunamuaga yule!"

Mama Pacha alinyoosha mgongo, akatazama. Kabichi zilikuwa zimesimama pande zote nne. Kwake tu udongo ulikuwa mweusi, laini, umelala vizuri kama kitanda kilichotandikwa.

Kofia hakukawia.

"Mama Pacha, umetuhama?"

"Sijahama, baba. Nimeng'oa kama alivyosema bwana shamba. Hata wewe ulipiga makofi."

"Mgeni tumpigie nini, mawe?" Aliusukuma udongo kwa ncha ya kiatu. "Bwana shamba ana mshahara wake. Lori likija hapa nilipakie nini, upepo?"

"Waking'oa wote, msimu mmoja tu..."

"Na duka nalifunga? Tajiri nitamwambia dawa imwagwe?"

"Dawa haiui, baba. Wewe mwenyewe unaona."

"Naona," Kofia alisema, na sauti yake nayo ilikuwa imechoka. "Kuona si kazi yangu. Kuna mtu ameshaulizia kipande hiki. Jioni nikikikuta kitupu, ni chake. Nenda kitaluni uchukue miche, tutakukata kwenye mzigo. Na dawa yake uchukue."

"Nina watoto wawili, baba."

"Ndiyo maana nimekupa mpaka jioni."

Kitaluni miche ilikuwa imepangwa kwenye masanduku, majani yake madogo yameshatobolewa. Mama Pacha alisita.

"Yote iko hivyo hivyo, shangazi," mtunza kitalu alisema bila kuinua kichwa. "Unachukua, huchukui?"

Alichukua. Wifi yake alijifunga kanga kiunoni, akaja kumsaidia bila kuambiwa, mmoja akitoboa mashimo na mwenziwe akifuata na mche. Jua lilishuka. Vinondo vya kijivu vilianza kuinuka kutoka vipande vya majirani, vikiruka chini chini, vikitua kwenye miche iliyokuwa bado inalegea.

Mstari wa mwisho ulikuwa haujafika nusu Mama Pacha alipoinua macho. Kwenye tuta la mfereji alisimama mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, jembe begani.

"Pole na kazi, mama," mgeni alisema.

"Asante, mwanangu."

Mwanamke hakuondoka. Alimhamishia mtoto ubavuni, akaliteremsha jembe, akaliegemea. Aliutazama mstari ule, kisha akalitazama jua. Mama Pacha akainama, akaongeza mwendo.