Mlango wa Ma Kokuberwa

Immakulata aliponyanyua kona ya mfarishi, jamvi nalo likanyanyuka. Sindano ilikuwa imepita tabaka zote tatu, amerikani, pamba na vipande vya kanga, ikaenda kushona na jamvi, na mabua ya majani ya sakafuni yakanasa humohumo. Asubuhi nzima amepiga magoti, mgongo unawaka moto, kumbe analishonea jamvi nguo.

Akachukua wembe, akaanza kufumua bandi, ile mishono mirefu ya muda inayoshika pamba isihame kabla ya kushona kwenyewe. Bandi inataka mahali pagumu, palipo sawa, mshonaji asimame. Nyumba za hapa kijijini Kanazi zina majani sakafuni, laini na ya heshima, mazuri kwa kukaribisha wageni na si kwa kazi hii.

“Umekosea tena,” alisema Ma Kokuberwa kutoka kitandani. Huyo ni mama mkwe wake. Miguu ilimwisha nguvu tangu masika ya mwaka juzi.

“Nimekosea, Ma.”

Mume wa Immakulata, Datius, alivuka kwenda Uganda kutafuta kazi, na miaka ikapita bila salamu. Ukoo ukaamua kwamba mke wa Datius atamngoja Datius, na akiwa anangoja, amtunze mama yake. Yeye hakuulizwa. Kisha Bibi Maendeleo, yule ofisa wa serikali anayefundisha akina mama, akamwona akishona, akamwambia kuna kijiji kipya cha ujamaa upande wa Muleba kinachotafuta mwalimu wa ushonaji. Lori litapita Ijumaa. Aje na mfarishi mmoja uliokamilika, watu waione kazi ya mikono yake. Leo ni Jumatano.

Meza ilikuwapo. Shemeji yake Apolinary aliposikia habari za Muleba, aliihamishia kwenye ghala lake la kahawa akatia kufuli. Immakulata alipokwenda kuiomba, alijibiwa kwa tabasamu: “Shemeji, mtaka cha mvunguni sharti ainame.”

Basi akainama. Aliinama juu ya kitanda chake, kamba zikabonyea. Akaenda uani kwenye jamvi la kuanikia kahawa, mvua ikamfukuza. Akajaribu benchi la kanisani, jembamba, pamba ikaning'inia huku na huku kama matumbo ya mbuzi. Methali ile haisemi mtu ainame mpaka lini.

Sasa aliinua macho, akautazama mlango. Ulikuwa mpana, wa mvule, umerandwa sawasawa na marehemu baba mkwe, na ulishinda umefungwa mchana kutwa kwa sababu Ma Kokuberwa anaogopa baridi. Immakulata akachukua kisu cha kumenyea ndizi, akaanza kulegeza skurubu za bawaba.

“Unafanya nini, mkamwana?”

“Natafuta meza, Ma.”

Akaingiza mapipa mawili matupu ya kukingia maji ya mvua, akaulaza mlango juu yake palepale kizingitini penye mwanga, karibu na kitanda cha Ma Kokuberwa. Akatandaza mfarishi. Akasimama wima, na bandi zikaenda moja baada ya nyingine, zimenyooka. Alifurahi, kwa kweli, furaha aliyokuwa ameisahau.

Apolinary alikuja alasiri, akakuta nyumba haina mlango.

“Mlango uko wapi?”

“Huu hapa, shemeji.”

“Urudishe.”

“Nikimaliza. Hauendi popote.”

Apolinary akatafuta pa kuingilia. Njia iliyobaki ilikuwa kupita chini ya kazi ile, na yeye hakuwa mtu wa kuinama. “Datius atarudi, utamweleza,” alisema, akaondoka.

“Sogea kidogo, waitu, mwanangu,” Ma Kokuberwa alisema. “Unanikinga, sioni nje.”

Immakulata akasogea. Mama mkwe alikuwa akitazama nje, shingo ameinyoosha. “Mbuni wa mume wangu umezaa.”

“Huu mwaka wa pili unazaa, Ma.”

“Hukuniambia.”

“Nilidhani unajua.”

Ma Kokuberwa alizidi kuutazama ule mbuni. “Ukienda Muleba, nani atanifungulia mlango?”

Sindano ikasimama. Angekatazwa, angejibu, jibu alikuwa nalo tangu Jumapili. Angetukanwa, angeondoka kwa hasira, na hasira ingembeba mpaka kwenye lori. Swali hili hakujiandaa nalo.

“Sijui, Ma.”

“Lete hiyo kona inayoning'inia. Inavuta kazi yako.”

Akamsogezea. Mama mkwe akaishika kwa vidole vyake vikavu, akaivuta ikanyooka. Wakafanya kazi hivyo, mmoja amesimama, mmoja amelala, mpaka mstari wa mwisho wa bandi ukafungwa fundo.

Jua lilipoinama, upepo wa ziwani ukaanza kuingia. Immakulata akaokota skurubu ili arudishe mlango, lakini mfarishi ulikuwa bado umetandazwa juu yake, na Ma Kokuberwa alikuwa amelala usingizi, kona ameikumbatia kifuani. Akajaribu kuivuta polepole. Vidole vikakaza.

Akabaki amesimama katikati ya kitanda na kizingiti, baridi ikimpiga usoni, mbele yake barabara nyeupe litakapopita lori Ijumaa, mpaka kwenye migomba. Skurubu zilikuwa zimeshapata joto kiganjani mwake.