Panya wa Miaka Kumi na Tisa

Jamani, nimepata kazi! Ngojeni nianze mwanzo, maana nusura nifukuzwe kabla sijaajiriwa.

Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu kwa profesa anayejenga kanzidata ya umri wa wanyama. Maabara saba zinatuletea rekodi: kobe huyu kazaliwa lini, popo yule kafa lini, alikuwa anakula nini. Mimi naziingiza zote sehemu moja, ili mtafiti yeyote aone nani kaishi sana na kwa nini. Jana ndiyo tulikuwa tunaizindua. Profesa alishaniambia wazi: "Ikienda vizuri, unabaki. Ikiharibika, binti yangu, tutakumbukana kwa mema."

Basi asubuhi nawapanga wanyama kwa umri, namwona panya mmoja wa maabara, mweupe, wa kawaida tu. Miaka kumi na tisa. Na bado hai!

Panya akifika miaka mitatu ameshakula chumvi nyingi. Kumi na tisa? Huyo karibu tulingane umri!

Kiherehere changu: nikamwonyesha profesa kabla sijauliza popote. Akaruka! "Namtangaza leo leo, mbele ya wageni!" Akakimbia kubadilisha tai.

Alipotoka tu, nikaingiwa na shaka. Nikampigia mhudumu wa wanyama wa maabara iliyotuletea rekodi ya panya huyo. Wote wanamwita Mzee Maranda, kwa ajili ya yale maranda anayowatandikia panya, hayamwishi kwenye sweta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nina watu wana njaa hapa."

"Panya wa kizimba namba nne yupo?"

"Yupo. Kaning'ata kidole sasa hivi."

"Na ana miaka kumi na tisa?"

"Kadi ndivyo inavyosema. Niliiandika mwenyewe nilipoanza kazi."

"Lakini ni panya yuleyule?"

"Mwanangu, wewe si umesoma? Panya gani wa miaka kumi na tisa? Akifa mmoja, naweka mwingine; huyu ni wa tisa. Kadi ni ya kizimba. Panya mpita njia."

"Vizimba vingapi viko hivyo?"

"Vyote. Tarehe za vifo ninazo kwenye daftari langu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nikampigia profesa mara sita, simu kaizima. Nikatoka mbio mpaka ukumbini. Namkuta jukwaani: "Mabibi na mabwana, kuna panya mmoja..."

Nikinyamaza, kazi ninayo. Lakini hao wageni si wataenda kumtafiti huyo panya miaka mingine kumi?

"Profesa, samahani! Huyo panya ni marehemu! Ni marehemu wanane, na wa tisa ndiye anayeng'ata!"

Nikaeleza mambo ya kadi. Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa mama mmoja wa maabara nyingine, mbele kabisa. Alimgeukia mwenzake: "Kwani sisi kadi zetu ni za nani?"

Kicheko kikakata. Profesa akavua miwani. "Nani mwingine anaandika kwa kizimba?"

Mikono minne ikapanda, polepole.

Uzinduzi umeahirishwa mwaka mzima. Mimi nimeajiriwa, nianze na daftari la Mzee Maranda, kisha maabara nyingine, nihesabu nani hasa alikufa lini.

Nikampigia mama, nalia kwa furaha. "Mama, nimeajiriwa! Nafuatilia panya waliokufa!"

Akauliza: "Na hiyo ndiyo uliyoisomea miaka minne?"