Bangili za Waya na Kiti cha Dirishani

Bangili yangu ya kwanza ilinishika kama pingu. Niliuzungushia waya mkono wangu mwenyewe nipate kipimo sawasawa, nikapindisha ncha zake kwa ufundi wote niliojaliwa, nikazibana kwa koleo, halafu nikainua mkono juu kama mshindi wa mbio.

"Haya, mke mwenzangu, tazama. Sasa naivuta, inapanuka, naivua."

Nikavuta. Wapi! Nikavuta tena, nikatia na sabuni. Bangili imetulia tuli.

Mjukuu wangu, ambaye hakuwa amecheka tangu plasta ngumu itolewe mkononi mwake, akafinya midomo. "Bibi, si ulisema ni ya kupanuka?"

"Ni ya kupanuka. Haijaamua tu."

Akacheka. Kwa kicheko kile ningevaa pingu ya kweli.

Kosa nililiona baadaye. Nilipishanisha ncha mbili, kisha nikazifunga pamoja mahali pamoja, kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Bangili ya kupanuka haifungwi hivyo. Ncha hii inauzunguka mgongo wa ile kule mbali, na ile inauzunguka mgongo wa hii huku, kila moja inabaki na kifundo chake, na katikati panabaki nafasi. Hapo vifundo vinateleza. Ukivisogeza vikaribiane, bangili inapanuka ipite kwenye kiganja. Ukiviachanisha, inabana kwenye kifundo cha mkono. Na kipambo chako cha kuning'inia, kiwe kifungo cha shati au ufunguo wa kufuli lililokufa, unakitia kabla hujamaliza kifundo cha pili. Ukisahau, umechelewa, unakatakata na kuanza upya.

Lakini niseme kwanza kwa nini mtu wa umri wangu nilikaa kitako kupindapinda waya.

Mjukuu wangu ni msusi. Anaishi nami tangu alipoanza kazi, na kazi yenyewe anaifanyia saluni ya njia ya juu, kwa mama mmoja tunayemwita Mama Vioo, maana kuta zake zote ni vioo na huwezi kujikuna bila kujiona. Mjukuu alikuwa na kiti chake pale, kiti cha dirishani, penye mwanga. Wateja walikuwa tayari kumsubiri yeye hata viti vingine vikiwa vitupu. Basi siku moja akakanyaga povu la shampuu sakafuni, akaenda chini, mkono wa kulia ukavunjika.

Mfupa uliunga vizuri. Hilo hospitali walilifanya, na tunashukuru. Ila plasta ilipotoka, mkono ulitoka mwembamba kama mpini wa mwiko, vidole vimekakamaa, na ule wepesi wote umekwenda. Kijana wa mazoezi kule hospitali akampa mpira wa kuminya. Mpira nikaukuta chini ya kitanda, umevaa vumbi.

Kisha Mama Vioo akaja kututazama, na machungwa kwenye mfuko. Alikaa, akasifu mapazia yangu, akahema.

"Mwanangu, wateja wanakuulizia mpaka nachoka kujibu. Nimempata binti mwingine, anaanza mwezi ujao. Njoo kabla hajafika, unisuke mimi mwenyewe, nywele za uzi, kichwa kizima. Ukimaliza, kiti ni chako. Usipomaliza, sikufukuzi. Nitakuweka mapokezi, upokee simu."

Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliouma. Alipoondoka, mjukuu wangu alisema neno moja tu: "Simu." Akageukia ukutani.

Sasa, nywele za uzi ni nini? Unachukua fungu la nywele, unalizungushia uzi mweusi kutoka shinani mpaka nchani, mzunguko mmoja umegusana na mwenzake bila kupandana. Nami usiku ule nilipokuwa nimelala nikawaza: kuna kazi gani nyingine ya kuzungusha vile, ambayo haina jina la mazoezi? Asubuhi nikabisha hodi kwa jirani yetu, fundi umeme. Nikarudi na mabaki yake ya waya wa shaba: mwembamba wa kengele ya mlango, laini kama uzi, wa kati, wa taa, na mnene wa soketi, huo ni wa kiume hasa. Tukawa tunauchana koti lake la plastiki kwa kisu, unatoka shaba tupu inang'aa.

Yule kijana wa mazoezi nilimuuliza kwanza. "Waya mwembamba aanze nao, bibi," akasema. "Akisikia maumivu makali, apumzike. Vinginevyo aendelee." Basi nikaona mambo yamenyooka.

Na kweli yalinyooka, tena upesi mno. Nikiwa nimekaa naye, mjukuu alizungusha polepole, mzunguko huu na kuguna, mzunguko huu na kuguna. Nikienda sokoni au jikoni, nikirudi nakuta bangili mbili zimekwisha, vifundo vimepangana kama meno ya mtoto. Nikamsifu. Nikamsimulia fundi umeme, nikawasimulia mpaka majirani wa nyuma ambao hawakuniuliza.

Mchana mmoja nikazitundika zote kwenye mpini wa ufagio karibu na dirisha, nizitazame zikimetameta. Nikatazama. Nikavaa miwani, nikatazama tena. Zile alizozisokota mbele yangu, mistari ya vifundo vyake imelalia upande mmoja, sawa na ya kwangu. Zile nzuri nzuri zilizozaliwa nikiwa jikoni, mistari imelalia upande wa pili. Nikachukua kipande cha waya, nikazungusha kwa mkono wangu wa kushoto. Kikalala upande ule ule wa zile nzuri.

Nikaingia chumbani kwake. "Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Nina mapacha, mama yao mmoja, kitanda kimoja. Mmoja analala kafuata kulia, mwenzake analala kafuata kushoto."

Alitazama bangili nilizoshika, mbili, moja kila mkono. Nilidhani atakasirika, lakini aliinamisha kichwa tu.

"Shaba imenisimulia," nikamwambia. "Mkono mzima umefanya kazi yote, mgonjwa amekaa kama bwana harusi."

"Si uvivu, Bibi."

"Sijasema uvivu."

Akaukunja ule mkono mwembamba kifuani. "Nikiujaribu kwa nguvu zangu zote halafu ukashindwa, nitakuwa nimejua. Sasa hivi bado sijui. Afadhali nisijue."

Ningeweza kumpa maneno mengi. Bibi hakosi maneno. Badala yake nikamnyooshea mkono wangu, wenye ile bangili ya kwanza iliyonigomea. Nimeoga nayo, nimekanda unga nayo, nimelala nayo ikanichoma mbavu.

"Fundi umeme ametaka kuikata mara ngapi? Nimemkatalia. Hii itakatwa na mkono wako wa kulia, kwa koleo. Mpaka siku hiyo mimi mfungwa wako."

"Na ikishindikana?"

"Nitazikwa nayo. Waombolezaji watasema, kumbe bibi kizee alipenda mapambo!"

Akacheka huku machozi yanamtoka, akanipiga begani kwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa kulia. Nikanyamaza, nisije nikamwonyesha.

Toka siku ile alikaa sebuleni mbele yangu, mkono wa kushoto umeshika tu, wa kulia unazungusha. Bangili zilizotoka siku zile, jamani! Vifundo vimepanda na kushuka, mzunguko huu umempanda mwenzake mgongoni. Akirudia kupinda pale pale, waya unachoka, unakatika, naye anasonya. Mimi nikisikia msonyo namtegea kitendawili kingine, maana mtu hawezi kusonya na kufikiri kwa pamoja.

"Mlinzi wangu ana macho manne, na mwizi hajawahi kumwona."

"Kifungo cha shati, Bibi. Hicho ulitega juzi."

"Basi kitie kwenye bangili, tusikirudie."

Kile kifungo akakitia kweli, kwenye bangili ya kwanza ambayo mkono wa kulia uliimaliza wenyewe, tena kwa waya wa kati. Vifundo vyake havikunyooka sana. Ndiyo aliyoivaa. Aliisukuma juu kidogo ya kifundo cha mkono, pale nyama ilipokwisha, akaviachanisha vile vifundo kabisa mpaka ikabana, na bado palibaki nafasi ya kidole. Siku zikaenda. Akahamia waya mnene. Jioni moja nikamwona anavisogeza vifundo vikaribiane, kimya kimya, kwa sababu bangili ilikuwa inamfinya. Nikajifanya natafuta kikombe.

Koleo alilijaribu mara kadhaa, akaacha alama tu kwenye shaba. Siku ya mwisho ya ule muda wa Mama Vioo, nilikuwa sijamaliza chai, akaja ameshavaa nguo za kutoka.

"Bibi, lete mkono."

Nikaweka mkono mezani. Akapitisha taya za koleo chini ya ile pingu, akabana. Kucha zikawa nyeupe. Akaachia, akapumua, akabana tena, na safari hii alifumba macho. Tak! Kipande kikaruka mpaka kwenye kikombe changu.

"Umeniharibia chai," nikasema.

"Vaa viatu," akajibu. "Tunachelewa."

Saluni tulimkuta Mama Vioo ameshakaa kwenye kiti cha dirishani, shuka begani, nywele zimechanwa zimesimama. Wanawake wawili walikuwa chini ya mashine za kukaushia, na mwingine anasubiri zamu. Mimi nikapewa kibao pembeni. Vioo vyote vikanionyesha nimekaa wima.

Mjukuu akagawa mafungu kwa kitana, mistari imenyooka kama ya daftari. Akachukua uzi. Fungu la kwanza likaisha, la pili, na safu ya mbele yote. Macho ya Mama Vioo hayakutoka kwenye kioo.

Kichwa kilipofika katikati, niliona uzi umetetemeka. Akazungusha, ukalegea. Akaufungua, akaanza upya, ukamtoka vidoleni, ukaanguka. Mama Vioo akavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema maneno ya huruma. Yale ya mapokezi na simu.

"Kitendawili!" nikapaza sauti.

Wote wakageuka. Kutoka chini ya mashine mmoja akaitika, "Tega!"

"Nyumba yangu haina pembe wala mlango. Akija mgeni mnene inapanuka, akija mwembamba inabana."

"Mpira!" akasema yule anayesubiri zamu.

"Mpira haupokei wageni. Endelea."

"Gauni la mjamzito!"

"Mjamzito hawi mgeni kwenye gauni lake."

"Tumbo la mume wangu," akasema yule wa pili chini ya mashine, na saluni nzima ikaangua kicheko. "Kweli! Likiona chakula cha watu linapanuka, la nyumbani linabana!"

Nikamwangalia mjukuu kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameushusha mkono, anafumba na kufumbua vidole, anauzungusha ule mkono taratibu kama tulivyozoea tukichoka na waya. Akagusa ile bangili yake ya kifungo, akaisogeza juu kidogo. Kisha akaokota uzi.

"Moyo wa mama," akasema Mama Vioo, naye sasa ameingia mchezoni mzima mzima.

"Tamu, lakini umekosa."

"Chandarua!" "Foleni ya maji!" "Saluni hii yenyewe!" Walibishana, walicheka, walinituhumu kwamba nimekibuni njiani. Kubuni nimekibuni, lakini hilo si kosa. Na wakati wote huo uzi ulikuwa unazunguka: safu ya nyuma, ya pembeni, ya mwisho. Nilisikia mkasi ukikata uzi kwenye fundo la mwisho.

"Haya, tumeshindwa," akasema Mama Vioo. "Chukua mji."

"Mji nitaufagia na nani, umri huu?" nikasema. "Nipe kiti."

Kicheko kikakatika. Mama Vioo akanitazama kupitia kioo, nami nikamtazama.

"Kiti sikitoi kwa kitendawili, mama."

"Ndivyo ninavyotaka. Tazama kichwa."

Akachukua kioo cha mkononi, akageuka huku, akageuka kule. Akapapasa mafungu moja moja. Akalivuta la mbele, akalivuta la nyuma kabisa, lililosukwa mwisho, mkono ukiwa umechoka. Akalivuta tena.

"Hili limekaza kuliko la mbele," akasema.

"Mkono ulikuwa umepata moto," akajibu mjukuu wangu, kidevu juu, kama msusi anayemjibu mteja.

Mama Vioo akainuka, akakung'uta shuka, akalitandika juu ya kile kiti. "Asubuhi tu, mwezi ujao wote. Mchana unaenda nyumbani, unaupumzisha. Yule binti nitampa kiti cha pembeni." Akanigeukia. "Na jibu lenyewe?"

Mjukuu akavua bangili, akavisogeza vifundo vikaribiane mpaka vikagusana, akaushika mkono wa bosi wake ulioshiba, akaipitisha. Ikapita. Kifungo kikaning'inia, macho yake manne yanatutazama.

"Mgeni mnene kaja," nikasema.

"Mnene nani?" akafoka Mama Vioo, lakini alikuwa ameshausogeza mkono dirishani, anaugeuzageuza kwenye mwanga, na kuivua hakuivua.