Mgonjwa wa Kitanda cha Dirishani

Asubuhi ile Malkia hakupewa ufagio. Aliambiwa akunje mikeka. Wagonjwa waliokuwa wamelala sakafuni kwenye korido ya wodi ya wanawake, wengine na mishono mibichi ya upasuaji, walitakiwa wahamie nyuma, chumba cha kufulia, kabla wageni hawajafika.

Walikwenda mmojammoja wakishika ukuta. Chumba chenyewe hakina dirisha. Kina makaro ya saruji, kamba za kuanikia, na ile harufu ya sabuni iliyochanganyika na damu ya zamani ambayo haitoki hata usugue vipi. Malkia akawatandikia katikati ya makaro, pale penye ukavu kidogo. Binti mmoja aliyepasuliwa juzi alimshika upindo wa gauni.

"Shangazi, nasikia wewe ndiye utakayelazwa kule mbele."

"Nani kakwambia?"

"Hapa kuna siri? Hao wageni si ndio waliotuma vitanda tusivyoviona? Basi waambie tuko huku. Neno moja tu, shangazi."

"Nitawaambia," alisema Malkia, na wakati anasema alikuwa amekusudia kweli.

Shauri lenyewe lilianza jana yake, ofisini kwa mganga mkuu. Malkia aliitwa akaingia na viatu mkononi, maana alikuwa anadeki.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaigiza?" mganga mkuu aliuliza, macho kwenye simu.

"Zamani, daktari."

"Matroni anasema ulikuwa unaliza ukumbi mzima."

"Ukumbi wenyewe siku hizi ni ghala la saruji, daktari."

"Sikukuuliza habari za saruji."

Matroni, aliyesimama kando ya meza, akacheka, kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa.

"Kesho wanakuja wafadhili na kamera zao," mganga mkuu aliendelea. "Wagonjwa wa kweli hawafai. Hawajui kuugua mbele za watu, ukiwagusa kidogo wanamwaga yote. Wewe utalala kitanda cha dirishani, useme umetibiwa vizuri, unashukuru. Basi. Na hicho kibarua chako tutakitazama."

Kibarua hicho alikianza kitinda mimba wake akiwa bado ananyonya, na sasa kijana ana ndevu. Jina la Malkia lilibaki tangu enzi za jukwaa, na wafagizi wenzake walilifanya mzaha: "Malkia, choo kimeziba huko, wanamtaka mtukufu!" Naye alicheka nao. Wanawe hakuwahi kuwaambia kwamba mama yao alikuwa akitokea jukwaani watu wananyamaza kabla hajafungua kinywa. Angeanzaje? Wangemuuliza kwa nini aliacha, na hapo ndipo aibu ilipokuwa. Mwenye ukumbi alipoufunga, waigizaji wenzake waliandamana mpaka wakapigwa virungu. Yeye alikunja gauni lake la kifalme akaenda zake nyumbani, kama mtu aliyekuwa akingoja kuruhusiwa.

Alipotoka chumba cha kufulia asubuhi ile, shuka za kitanda cha dirishani zilitolewa kwenye nailoni mbele yake, nyeupe, zina mikunjo ya dukani iliyokaza kama karatasi. Miguu yake iliyopasuka kwa maji ya kudekia ikafunikwa vizuri. Matroni akamnyooshea foronya, akamnong'oneza, "Usije ukajitia ujuaji."

Wageni wakaingia. Mama mmoja wa miwani akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, unajisikiaje?"

Neno lilikuwa ulimini: wako nyuma, chumba cha kufulia. Lakini watu wote walikuwa wamenyamaza. Kamera zimetulia, mganga mkuu kabana pumzi, hata kikohozi hakuna. Ukimya ule Malkia aliujua. Ulikuwa haujamjia tangu ukumbi ufungwe. Mwili ukashika kazi yake bila kumuuliza: shingo ikalegea, mkono ukatafuta mkono wa mgeni, sauti ikashuka mpaka wa nyuma wakalazimika kuinama.

"Mwanangu, nililetwa hapa nimebebwa."

Akanyamaza. Alijua anyamaze kwa kiasi gani.

"Walionibeba walikuwa wameshaanza kuulizana nani atachimba."

Mgeni akatoa leso. Malkia akasimulia jinsi wauguzi walivyomwosha kama mama anavyoosha kichanga, jinsi alivyoamka akakuta shuka safi akadhani keshafika peponi. Wageni wakacheka huku wanalia. Yote uongo, na kila neno lilikaa mahali pake. Katikati ya maneno alimkumbuka yule binti. Alimkumbuka vizuri, sura na sauti, akaona kwamba akimtaja sasa ataharibu. Akaendelea. Mwisho akaachia chozi, la jicho la upande wa kamera.

Makofi yakalipuka wodi nzima. Na Mungu amsamehe, alifurahi. Moyo ulimruka kama wa msichana.

"Kumbe vile vitanda tulivyotuma vilifika kweli," mama wa miwani alimwambia mwenzake, na mwenzake akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Malkia akayasikia hayo akiwa bado kashikwa mkono. Akafumba macho. Wakadhani amechoka, wakatoka kwa kunyata.

Shuka zilivutwa chini yake kabla hazijapoa. "Shujaa wewe," alisema matroni, akizikunja kwa kufuata mikunjo ileile ya dukani. "Wakija wengine tutakuita."

Malkia akavaa gauni lake la kazi, akaenda nyuma. Alisimama kizingitini. Ndani, wanawake walikuwa wanapokezana kitambaa kimoja kibichi, wanajifuta nyuso. Mmoja alikuwa akimfunga kilemba bibi asiyeweza kuinua mikono. Mikeka ilikuwa imesogezwa pande zote mbili, njia imeachwa katikati.

"Tumesikia makofi, shangazi!" Yule binti alikuwa amejiegemeza kwenye karo, ameketi wima, midomo imemkauka kwa maumivu. "Umewaambia!"

Malkia, aliyetoka kuliza wodi nzima, akashika mwimo wa mlango. Nje milango ya magari ikafungwa, mmoja baada ya mwingine, injini zikawaka.

"Wanazungusha magari waje upande huu," alisema bibi wa kilemba.

Wote wakageukia mlangoni.

"Sogea basi, shangazi," binti akasema kwa upole. "Unatuziba, hawatatuona."

Malkia akasogea.